Mashine Saba za Songo na Tangazo la Mkurugenzi

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Masomo wa taasisi yetu. Wazazi mliotuazima viti vyenu na sasa mmesimama. Majirani wa Songo na wenzetu wa Nyamianda: amani iwe kwenu.

Makaribisho

Karibu uani kwa Mama Léocadie, mwenyeji wetu wa leo. Tulikualika mara tatu, na leo tumekuona. Hatusemi umechelewa. Tunasema tu kwamba saa nne fanta ilikuwa baridi.

Tulikotoka

Sisi ni wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa mwisho, kutoka nyumba tano. Nyumba hizo zina mashine saba za kompyuta, na hakuna hata mbili zinazofanana. Moja haina kitufe cha herufi A. Mwenyewe huiokota kutoka neno jingine na kuibandika. Nyingine haiwaki mpaka ilazwe ubavu. Kazi ya mtu ya kumalizia masomo huanzia nyumba hii ikamalizikia nyumba ile, kufuata umeme ulipo. Kwa hiyo tulihitaji programu moja ya kuandikia, iwe sawa kwenye mashine zote saba, na bei yake wazazi waiweze.

Kazi ya kuichagua tulimpa mwenzetu Mwavita, kwa sababu hapandishi sauti wala haamini kitu kabla ya kukipima. Kompyuta alijifundisha mwenyewe. Alichukua daftari, akachora safu tatu.

Safu ya kwanza ilikuwa programu ya kulipia. "Ni nzuri," aliandika. Lakini hulipiwa kila mwaka, na kwa nyumba tano bei yake ilipita minervali, yaani karo ya mwaka, ya mmoja wetu.

Safu ya pili ilikuwa ile ya kuibwa. Tuliipata Kavimvira, kule mpakani, muuzaji akiapa kwa jina la mama yake kwamba iko originale. Siku ya tatu mashine mbili zilianza kutangaza dawa za nguvu za kiume, moja wakati mchungaji aliyeiazima akiandaa mahubiri. Mwavita aliandika: "Haifai. Tena si yetu."

Safu ya tatu ilikuwa programu ya bure, ambayo wenye kuitengeneza wameruhusu kila mtu aitumie na kumgawia jirani.

"Ya bure? Iko na kasoro gani?" aliuliza mwenzetu Sadiki.

"Iko nayo. Sijaijua bado. Niachie wiki mbili."

Tulichofanikiwa

Wiki mbili zikapita. Mashine zote saba zikawa na programu hiyo moja, toleo moja, herufi zile zile. Hata ile ya kulala ubavu.

Yanayotusumbua

Kasoro, Bwana Mkurugenzi, ilisubiri ifike kwako. Sadiki alileta kazi yake juu ya uvuvi. Ofisi yako ilipoifungua kwa programu nyingine, picha ya samaki mukeke iliruka kurasa tisa ikatua kwenye ukurasa wa shukrani, juu kabisa ya maneno "Kwa baba yangu mpendwa". Tumesikia ofisi nzima ilicheka. Sadiki hakucheka.

"Minye baba yangu iko muntu mukubwa hapa Songo!" alimfokea Mwavita. "Leo wanamuita Papa Mukeke! Si weye ulisema ulipima?"

"Nilipima kwetu," Mwavita alijibu. "Kwao sikupima. Kosa iko yangu."

Hakulia wala hakubishana. Alirudi kwenye daftari lake, na siku ya pili akapata dawa: kazi ikimalizika igeuzwe kuwa PDF, ambayo hufunguka kila mahali jinsi ilivyoandikwa. Aliijaribu kwenye simu nne na kwa mpiga chapa wa Nyamianda. Mukeke hakutikisika.

Lakini kabla hajafika ofisini kukueleza, tangazo lako likatoka: kazi isiyoandikwa kwa programu ya kulipia haitapokelewa, na mwisho ni Ijumaa. Leo ni Jumatano. Watu kumi na wawili tutapoteza mwaka mzima kwa ajili ya samaki mmoja.

Kuna jambo dogo zaidi. Tangazo hilo lilitufikia kama picha ya kioo cha mashine ya ofisi yako, iliyopigwa kwa simu. Juu ya maneno yako kuna mstari mwekundu unaosema kwamba programu hiyo haijalipiwa na itajifunga Jumamosi. Mwavita alisihi tusiliseme. "Tusimupatishe mukubwa haya," alisema, "labda hata yeye hakuona." Tulipiga kura. Alishindwa kumi na mmoja kwa mmoja.

Ombi

Ni moja tu. Kazi zetu zipokelewe kwa PDF.

Zawadi

Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Wazazi walipendekeza samaki. Sadiki akasema samaki hapana. Basi tumekufungia flashi katika kipande cha kitenge. Ndani mna programu ile ya bure, kwa ajili ya mashine ya katibu wako, ili Jumamosi isimkute mikono kichwani. Na ndani humo humo mna kazi zetu zote kumi na mbili, kwa PDF, kila moja na jina la mwenyewe.

Wengi wetu tulitaka usiambiwe: upokee, upigwe picha, halafu tuseme zimeshapokelewa na mkono wa Mkurugenzi mwenyewe. Hapo Mwavita alikataa, na safari hii hakuna aliyetaka kura. "Akipokea," alisema, "apokee akijua."

Sasa unajua. Mwavita ndiye huyo mbele yako, ameishika flashi kwa mikono miwili kama tunavyowapa wakubwa wetu. Tafadhali usimwache amesimama muda mrefu. Tangu asubuhi hajala.

Mungu akulinde njiani, aibariki nyumba yako, aubariki na mkono wako wa kuume, ule unaotia sahihi matangazo na ule ule unaopokea zawadi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mashine Saba,
Songo, Uvira.