Mzee Inatosha na Boriti Aliyoichonga

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Leo tunamkumbuka fundi wa ujenzi aliyeitwa Mzee Inatosha. Jina hilo hakupewa kwa sifa. Ukimuuliza kama saruji imetosha, alijibu "inatosha" kabla hajaitazama.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwa dada yake, mshonaji. Dada alitaka ghorofa ndogo juu ya duka, wasichana wake washonee huko. Vyuma vipya vya sakafu vilitakiwa kubebwa na boriti ya zamani ya mbao, iliyovuka chumba ukuta hadi ukuta. Vikae juu yake, au ubavuni, kwenye vishikio vya chuma vinavyofungwa kwa bolti. Mchomeleaji aliviunda vishikio hivyo, akavileta begani.

"Vitaonekana kwa chini, vitaharibu dari," fundi akasema. "Nataka iwe kama ya benki."

"Benki gani uliyowahi kuingia, mzee?" mchomeleaji akauliza.

Mchomeleaji akafukuzwa palepale. Marehemu fundi akashika msumeno, akaichonga boriti mapengo, akavilaza vyuma humo ndani. Dari ikatoka safi kama sahani. Boriti ikabaki nusu ya unene wake. Narudia: nusu.

Haikupita wiki, ikaanza kulia.

"Kaka, huku juu panalia," dada akasema.

"Inazoea uzito."

"Uzito gani? Sijapandisha hata sindano."

Dada anatusimulia mwenyewe: "Nikamwambia sipandishi mtoto wa mtu pale. Nikawatoa wasichana nje. Akasema nimemdhalilisha mbele ya wateja. Akapanda, akaanza kuruka. Mara ya kwanza alicheka."

Mara ya pili boriti ilikatika kwenye mapengo. Fundi akashuka nayo, na vyuma juu yake.

Mtasikia kwamba ilikuwa ajali. Ajali haishiki msumeno.

Nimeombwa niseme jema la marehemu. Nimelitafuta. Alimpenda dada yake, hadi akamjengea dari nzuri kuliko sakafu.

Tunampa pole dada, aliyemzika kaka yake na sasa anashonea uani. Tunawapa pole na ndugu, wale wanaokaa msibani wakinong'ona kwamba dada angenyamaza, fundi angekuwa hai. Tafakarini hili, wasikilizaji wapendwa, na wao watafakari: dada angenyamaza, wasichana wangepanda na vyerehani vyao, na kipindi cha leo kingekuwa kirefu zaidi.