Swali la Mzee Lini

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba namba tisa. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu, Jumatatu haitamkuta akilivaa. Anastaafu akiwa na afya njema, meno yake yote, na miwani ambayo tumemsaidia kuitafuta mara zisizo na idadi, nyingi kati ya hizo ikiwa juu ya kichwa chake mwenyewe.

Wagonjwa wanamwita Mzee Lini. Mgeni hudhani ni jina la ukoo. Jina hilo limetokana na swali ambalo humwuliza kila mwanamume anayekuja kupimwa magonjwa ya zinaa, kabla hata hajamwuliza anaumwa nini: umekwenda haja ndogo lini mara ya mwisho? Anayejibu kwamba ametoka chooni sasa hivi huonyeshwa kiti, hupewa gazeti la juzi, na huombwa akae kwa muda wa saa mbili nzima bila kwenda tena. Wapo waliokasirika. Wapo waliokunja miguu na kutazama dari kama wanaosubiri mvua. Lakini hakuna aliyepimwa bila kujibu swali hilo, hata mkaguzi mkuu wa afya, ambaye alikuja kukagua akaona bora naye apimwe papo hapo.

Alipoanza kazi hapa, mlango wa chumba namba tisa ulikuwa na kibao chenye herufi nyekundu zilizosomeka tangu getini: MAGONJWA YA ZINAA, WANAUME. Chini ya kibao kulikuwa na benchi ambalo halikukaliwa na mtu. Wanaume walikaa upande wa pili wa ukumbi, kwenye benchi la wagonjwa wa meno, wameshika mashavu kwa uchungu wa kubuni. Siku moja muuguzi wa meno aliita anayefuata, na dereva mmoja wa lori akaona aibu kusema kwamba hakuja kwa ajili ya jino. Akaingia, akafungua kinywa, na kwa bahati mbaya likaonekana jino bovu kweli. Alifika chumba namba tisa nusu saa baadaye, pamba mdomoni, hawezi kutamka neno, akieleza dalili zake kwa mikono. Mzee Lini alimhudumia bila kucheka. Alicheka jioni, akiwa peke yake kwenye chumba cha hadubini, na kicheko chake kikasikika hadi jikoni.

Kesho yake aliandika barua kuomba kibao kiondolewe. Barua ilizunguka mezani kwa mabosi miezi minane. Mwezi wa tisa alikuja na bisibisi. Tangu siku hiyo mlango una namba tu, na benchi la meno linakaliwa na wenye meno.

Watakaomkosa zaidi ni wale wanaokuja kwa niaba ya rafiki. Kila mfanyakazi wa mapokezi anawajua. Mwanamume huinama dirishani na kunong'ona kwamba ana rafiki yake anayehisi kuchomwa akikojoa, sasa rafiki huyo anauliza afanye nini. Mzee Lini hakuwahi kumvua nguo mtu wa namna hiyo mbele ya watu. Alimkaribisha na kumwuliza habari za rafiki tangu mwanzo hadi mwisho: kunachoma tangu siku gani, kuna ute au usaha unaotoka, kuna kidonda, korodani zinauma au zimevimba? Mwishoni alitoa kikopo kidogo na kusema, "Basi mpelekee rafiki yako hiki, choo kiko mlango wa tatu, ninamsubiri." Rafiki alirudi na kikopo baada ya dakika mbili, na urafiki ukaendelea kuheshimiwa mpaka dawa zilipotolewa.

Kulikuwa na mwashi aliyejaza kikopo hadi juu, kisha akajaza na chupa ya maji, mkojo usije ukapungua. Mzee Lini alimshukuru kwa ukarimu, halafu akamweleza, kama alivyoeleza maelfu, kwamba kinachotakiwa ni ule mkojo wa mwanzo kabisa, kidogo tu, kwa sababu ndio unaobeba vijidudu vilivyolala njiani. Anayekojoa kabla ya kipimo huwa ameisafisha njia, na fundi hubaki akitazama maji matupu.

Sifa zake rasmi ni hizi. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na mmoja wao ndiye anayemrithi. Alipigania mashine mpya ya vipimo hadi ikanunuliwa, akalala nayo siku mbili akisoma kitabu chake cha maelekezo, maana hakutaka mgonjwa wa kwanza awe wa majaribio. Amezunguka viwandani na vituo vya malori akiwaambia wanaume jambo ambalo hawapendi kulisikia: kwamba mtu anaweza kuwa na klamidia, au hata kisonono, asione dalili hata moja, na akaipeleka nyumbani bila kujua. Aliwaambia wasinunue vidonge kwa kubahatisha, wapime. Waliopimwa mapema mno aliwataka warudi, kwa kuwa kaswende na virusi vya UKIMWI huchukua muda kuonekana kwenye damu. Na kila aliyekutwa na ugonjwa aliambiwa sentensi ileile: "Dawa ni zenu wawili, si zako peke yako."

Lakini mimi niliyekaa dirisha la mapokezi miaka ishirini na miwili, na makabati ya majalada yakiwa nyuma yangu, namkumbuka kwa kitu kingine. Ukuta kati yangu na chumba namba tisa ni wa mbao. Maneno hayapiti, na ni vizuri hayapiti. Kinachopita ni pumzi. Mwanamume huingia amebana kifua, kiti kinalia, halafu unasikia pumzi ndefu ikishuka. Hushuka kwa wasio na ugonjwa na hushuka vilevile kwa walio nao, kwa sababu wamekwisha kujua na dawa ipo. Nimeisikia pumzi hiyo kila siku ya kazi, na sijaichoka.

Mume wangu alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, miaka mitatu iliyopita, Mzee Lini alikaa msibani siku zote tatu. Niliporudi kazini nilikuta mtu amechonga penseli zangu zote na kuzipanga kwa urefu. Sikuuliza ni nani. Ni mmoja tu jengoni anayepanga vitu kwa urefu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu litukoseshe sherehe hii. Wiki tatu zilizopita uongozi ulimweleza mpango wa kumuaga, naye akakataa. Alisema ataondoka kwa geti la nyuma, kule kwa dobi, bila keki wala hotuba. Tuliona ni unyenyekevu. Mkuu wa zahanati alimbembeleza, wauguzi wakamtania kwamba anaogopa kulia mbele ya watu. Alishikilia neno lake.

Siku chache baadaye, katika makabidhiano, fundi wetu mpya alileta kwangu masjala boksi la karatasi za zamani kutoka kwenye droo za Mzee Lini, kama utaratibu unavyotaka. Chini kabisa kulikuwa na bahasha, na ndani yake nakala moja ya majibu ya maabara, wino wake wa bluu umefifia. Ilikuwa ya miaka ishirini na saba iliyopita. Iliandikwa: hakuna vimelea vilivyoonekana. Saini ni yake. Namba ya mgonjwa ninaijua kama ninavyoijua tarehe ya ndoa yangu, maana ni namba ya marehemu mume wangu.

Ninayasimulia haya kwa ruhusa. Mume wangu mwenyewe aliniambia kwamba siku ya kumuaga kaka yake huyo wa urafiki, si wa damu, nisiogope kusema, kwa kuwa wanaume wengi wanahitaji kuyasikia mambo haya. Binti yetu ameusoma ukurasa huu kabla yenu. Na Mzee Lini nilimwomba; alifuta miwani kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Andika, shemeji."

Wakati huo sikuwa nafanya kazi hapa. Mume wangu, fundi wa makochi, alikuja zahanati akiwa na maumivu ya kukojoa. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilimpeleka chooni mara tatu kabla ya kuitwa. Fundi kijana wa maabara, aliyekuwa na miaka sita kazini, hakumwuliza. Alichukua kipimo, akatazama hadubini, hakuona kitu, akaandika alichokiona. Mume wangu alirudi nyumbani akipiga mluzi. Wiki sita baadaye korodani moja ilikuwa imevimba na kuuma hata hawezi kukaa kwenye kigoda chake cha kazi. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na hatukuwa na mtoto, na kila mtu anajua ugonjwa wa namna hiyo ukiachwa unaweza kuziba njia ya uzazi.

Alirudi hapa. Fundi yule alifungua daftari, akaona majibu yake mwenyewe, akamwuliza swali ambalo hakuliuliza mara ya kwanza. Aliposikia jibu aliinuka, akafunga mlango, akamwambia mume wangu waziwazi kwamba kosa ni lake yeye fundi, si la mgonjwa. Kisha akamwomba arudi kesho asubuhi kabla ya kwenda haja. Safari hiyo vijidudu vilionekana.

Majibu yale ya kwanza ndiyo karatasi aliyoitunza. Nilipompelekea chumba namba tisa, aliniambia alikuwa akiitoa kila Jumatatu asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, akaisoma, akairudisha. Mtu aliyeandika majibu yale, alisema, hana haki ya kukatiwa keki.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi mkononi, na nikagundua kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemweleza nusu ya pili. Mimi nilidhani mume wangu amemweleza. Mume wangu, nadhani, aliona aibu. Basi nilimweleza mimi, na sasa ninawaeleza ninyi.

Jioni ya siku ile fundi alipokiri kosa, mume wangu alikuja nyumbani, akakaa sakafuni, akaniambia yote. Alikuwa amekusudia kunificha. Alikwisha kupanga uongo wake, kwamba ameteguka akibeba kochi. Lakini alisema hivi: "Mtu mwenye koti jeupe amekubali kosa lake mbele yangu, na hakuna aliyemlazimisha. Mimi ni nani nisikubali langu mbele ya mke wangu?" Tulilia, tuligombana, na mengine tuliyamaliza chumbani kwetu na yatabaki huko. Kesho yake tulikuja wawili. Mimi sikuwa na dalili yoyote, hata muwasho, na kipimo changu kikaonyesha ugonjwa uleule. Tulikunywa dawa pamoja, tukajizuia kama tulivyoagizwa, tukarudi kupimwa tukawa safi. Kama fundi yule angenyamaza, mume wangu angetibiwa kimya kimya, mimi ningebaki nao, na yeye angeupata upya kutoka kwangu. Binti yetu ana miaka ishirini na mitano. Anamwita Mzee Lini baba mkubwa, na mpaka wiki iliyopita baba mkubwa huyo hakujua kwa nini jina hilo ni lake kwa haki.

Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile chenye ngozi ya kahawia ambacho mume wangu alikishona na kukileta bila kusema ni cha nini. Nilipomaliza, kiti kililia kidogo. Halafu nikaisikia, safari hii bila ukuta wa mbao katikati: pumzi ndefu, ikishuka.

Kazi ya masjala ina utaratibu wake. Jambo lililokwisha hugongwa muhuri. Niliiweka karatasi mezani pake, nikaigonga muhuri wa IMEFUNGWA, nikaandika tarehe, nikaitia kwenye jalada la mume wangu. Aliuliza kama wino unakauka haraka. Kisha akauliza sherehe ni saa ngapi, na kama ni lazima kuvaa tai.

Si lazima, Mzee wetu. Mkeo ametuambia kwamba katika kila safari ya basi unawauliza wajukuu swali lako kabla ya kupanda. Endelea kuwauliza, linafaa hata huko. Tunakushukuru kwa kibao ulichokiondoa, kwa mafundi uliowafundisha, na kwa wanaume wote waliotoka chumba namba tisa mabega yakiwa yameshuka. Msumari nyuma ya mlango tutauacha ulipo. Karatasi ile iko kabatini kwangu, na ufunguo ninao mimi. Tunakuombea asubuhi ndefu, chai isiyopoa, na Jumatatu nyingi zisizo na droo ya kufungua.