Aliyeuombea Ukumbi Wetu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mratibu wa Sanaa wa chuo chetu atakabidhi funguo na kwenda nyumbani kwa mumewe. Wanafunzi humwita Mama Ruzuku. Sisi wa ukumbini tunamwita Mama tu, maana wengi wetu mama zetu wako mbali, na huyu ndiye aliyekuwa karibu wa kutugombeza.

Wasomaji wa jarida hili walioko majengo ya juu huenda wanashangaa kwa nini wabeba viti ndio tulioomba kumwandika. Sababu ni fupi. Tangu zamani uongozi unautaka ukumbi wetu uwe madarasa. Mpango upo: kuta za matofali katikati, mbao za jukwaa zing'olewe, basi. Kilichouzuia miaka yote ni kwamba kila mwaka alipatikana mfadhili aliyekubali kugharimia maonyesho humo, iwe ngoma, maigizo, sarakasi au kwaya. Na wafadhili hawakuja wenyewe kama mvua. Waliombwa. Mwaka atakaokosekana wa kuomba, waashi wanaingia. Ndiyo maana tuliposikia Mama anastaafu, hatukuulizana zawadi gani tumnunulie. Tuliulizana nani ataomba.

Mama alianza kazi kama mpiga chapa katika ofisi ya usajili. Ukumbi wakati huo ulikuwa ghala la madawati mabovu, na wenye nyumba walikuwa popo. Kikundi cha maigizo kilifanyia mazoezi koridoni, kikigombana na wafagizi. Siku moja kiongozi wa kikundi alimpelekea barua ya kuomba msaada ili aipige chapa. Mama akaisoma yote, akavua miwani.

"Mwanangu, hii ni barua ya posa au ya pesa? Ukurasa mzima salamu!"

Akaiandika upya kwa maneno machache: ni akina nani, wanataka kuonyesha nini, lini, wapi, na wamepungukiwa nini. Wakapata taa na pazia. Madawati yakatolewa, popo wakahamishwa kwa moshi, na Mama akahamishiwa ofisi ya sanaa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Baadaye alikuwa akisema sanaa ilimwoa bila mahari.

Andiko la kwanza la kuomba ruzuku aliloliandika kwa jina lake mwenyewe lilikataliwa. Watu wengi wakikataliwa hununa, tena wakasema kule wanapeana wao kwa wao. Mama alipanda basi mpaka ofisi za mfadhili na kumwambia mlinzi wa getini kwamba amekuja kuchukua makosa yake. Mlinzi alidhani ni mgonjwa. Lakini aliingia, akaambiwa alipokosea, akarudi anacheka. Kuanzia hapo ikawa desturi yake. Kila alipokataliwa alikwenda. Alisema mtu akikunyima pesa, usiondoke hivi hivi, muulize sababu, kwa kuwa sababu haimgharimu kitu. Mwishowe mlinzi yule alipomwona kwa mbali alifungua geti na kupiga kelele, "Mama wa makosa! Leo tena?"

Tusimpambe kupita kiasi. Mama alikuwa msumbufu. Tulikuwa tukishapanga viti, anakuja, anasimama mlangoni, anainamisha kichwa upande, nasi tunajua vitapangwa upya. Migongo yetu ni mashahidi. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alituambia kwamba hata nyumbani mama yake akitaka kuazima chumvi kwa jirani, kwanza anaeleza malengo ya ile chumvi na akina nani watanufaika nayo.

Kosa lake kubwa, ambalo mwenyewe ametuomba tuliandike, lilikuwa la jukwaa. Mwaka ule maombi yote mengine yalikuwa yamekwama. Akabaki mfadhili mmoja, na huyo alitaka maonyesho yafike kampasi zetu zote tatu. Kampasi ya kilimo haikuwa na ukumbi, ila banda la kukaushia mazao. Mama akaandika kwenye andiko: "Tunalo jukwaa la kuhamishika." Hatukuwa nalo. Hakukusudia kudanganya. Alikuwa amelizungumza na Seremala wetu muda mrefu mno, wakabishana upana wake na hata rangi yake, mpaka kichwani mwake likawa limeshajengwa.

Mfadhili akajibu kwamba amependezwa sana, na mkaguzi wake angependa kuja kuliona jukwaa hilo wiki ijayo.

Tulikutana ukumbini. Waashi walikuwa wameshapita na kamba zao za kupimia. Bila ruzuku ile, hapakuwa na ukumbi. Mhasibu, ambaye si mtu mbaya, akatoa shauri kwamba tupange meza za bwalo, tuzifunike turubai, tumwonyeshe mkaguzi kwa mbali.

"Nani atafunua turubai?" Mhasibu akauliza.

"Mimi," Mama akajibu. "Najijua. Akiniangalia tu machoni nitafunua mwenyewe."

Akachukua simu hapo hapo, mbele yetu, akampigia ofisa wa mfadhili. Alisema, "Jukwaa nililoandika halipo, bwana. Niliandika ninachokitamani kana kwamba ninacho. Samahani sana." Kisha akasikiliza. Sisi tulimtazama usoni kama watu wanavyomtazama daktari akitoka chumbani. Alisema "ndiyo" mara kadhaa, akaweka simu, akakaa kwenye kiti cha karibu.

Ofisa alikuwa ameghadhibika. Lakini hakumfungia mlango. Alimwambia aandike upya, aseme kilichopo tu. Mama akaandika upya. Akaifuta hafla ya kuwakaribisha wageni, ile ambayo uongozi ulikuwa unaisubiri kwa hamu, na mahali pake akaomba mbao na bolti. Uongozi ulinuna muda mrefu. Mfadhili alikubali.

Jukwaa tulilijenga kwa mikono yetu, vipande vipande, kila kipande cha kubebwa na watu wawili. Seremala alikataa kabisa kipande cha watu wanne, maana alisema wawili kati ya wanne huwa wanashikilia tu. Onyesho la kwanza lilifanyika kwenye banda la mazao. Wachezaji walipokanyaga mbao, vumbi la nafaka likapanda, wakaanza kupiga chafya mmoja baada ya mwingine. Watazamaji wakadhani ndivyo mchezo ulivyo, nao wakawajibu kwa chafya zao. Hatujawahi kupata makofi kama yale. Jukwaa hilo linatumika hadi leo.

Baada ya kosa lile, Mama hakutuma tena andiko lolote kabla ya kulisoma kwa sauti ukumbini. Tuliitwa wote: seremala, fundi umeme, mpishi, dereva, wafagizi, sisi wa viti. Alisoma sentensi moja moja, na kila palipokuwa na ahadi aliinua macho na kuuliza, "Nani atafanya?" Kama mkono haukuinuka, alichukua kalamu na kuikata sentensi ile, hata iwe tamu namna gani. Aliposoma kwamba wageni watapokelewa kwa ukarimu, Mpishi akataka kujua ni ukarimu wa chai au wa tabasamu, kwa kuwa tabasamu analo. Aliposoma kwamba jenereta litakuwepo, Fundi Umeme akasema kuwepo litakuwepo, ila kuwaka ni habari nyingine. Tulicheka sana kwenye vikao vile. Pia tulikuwa tunajifunga. Ukishainua mkono mbele ya wenzako, siku ya onyesho huwezi kuumwa tumbo.

Mwaka huu uongozi ulitamka wazi: ikifika mwisho wa Juni hakuna ruzuku, ukumbi unagawanywa. Na Mama naye alitamka la kwake, kwamba andiko la mwaka huu hataligusa. Aliyepewa kazi hiyo ni Dada wa Mapokezi, ambaye tangu Januari amekuwa akijifunza ofisini kwake. Tulimlaumu Mama. Seremala alimwambia usoni, "Mama, mtu hafundishwi kuogelea siku ya mafuriko." Mama akamjibu kwamba siku ya jua kali watu hawaingii majini.

Dada aliandika, akafuta, akaandika. Siku ya kulisoma ukumbini alisimama mbele yetu na karatasi zake. Mama alikaa nyuma kabisa, mikono ameibana katikati ya magoti. Ilipofika sentensi ya maonyesho kwenye kampasi zote tatu, Dada akauliza nani atafanya. Dereva alisema kweli tupu: lori limechoka, barabara ya kampasi ya kilimo mwaka huu halitaiweza. Tukageuka kumtazama Mama. Mama akatazama dari. Dada akasimama pale peke yake, akakata kampasi ya kilimo. Kisha akaongeza kwa maandishi yake kwamba wanafunzi wa huko wataletwa kwa basi la chuo kutazama kwetu, akauliza tena nani atafanya. Dereva akainua mkono. "Basi ni zima, dada yangu. Hilo niachie."

Andiko likaenda. Wiki zikapita bila neno. Waashi walirudi kupima, tukawapisha.

Jumatano hii tulikuwa tukifuta viti vya sherehe ya kumuaga Mama, naye akiwa amesimama mlangoni, kichwa ameinamisha upande, tukajua vitapangwa upya. Dada akaja mbio kutoka ofisini, kiatu kimoja kimemvuka.

"Wamekubali! Mama, wamekubali! Wamesema wamependa lile la basi."

Tulipiga kelele mpaka wafagizi wa jengo la pili wakaja kuuliza nani amefariki. Seremala, mtu mzima na ndevu zake, alilia. Mama alimkumbatia Dada, akamshikilia kwa muda. Kisha akamwachia na kumwambia, "Hongera, mwanangu. Sasa vaa kiatu. Kuomba si kazi, kazi ni kupewa."

Mama, tunakushukuru kwa ukumbi, na kwa kutugombeza. Mwenyezi Mungu akupe afya, magoti mazima na usingizi wa mchana. Mzee wako amekusubiri vya kutosha, nenda mkae. Huku kwetu waashi wamekunja kamba zao, na Dada ameshatuita kikao cha Jumatatu.