Mama Taratibu na Utando wa Siku Tisa

Mama Taratibu anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na mbili. Nimehesabu mwenyewe, maana kadi ya mwaliko imeandika "miaka thelathini hivi". Huo mwaka mmoja na miezi minne aliamka, akaja kazini, akafanya kazi.

Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Kwa kuangalia tu akajua kutengeneza rojo letu: mbao iliyosagwa laini huchemshwa kwa asidi mpaka vibaki vijiti vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea majini. Wataalamu huliita fuwele kimiminika. Yeye huliita uji. Likimiminwa kwenye sahani likakauka polepole, vijiti hujipanga vyenyewe, tabaka juu ya tabaka, vikawa utando mwembamba, na mpangilio huo ndio unaoupa rangi: buluu, kijani, shaba. Rangi ya dukani hatutii hata tone. Watengenezaji wa vichujio vya mwanga wanazijua tando hizo, aliyezikausha hawamjui.

Jina lake lilitokana na mlango. Asiyeufunga taratibu, akatikisa sahani zinazokauka, alikiona. Viatu vilibaki nje, na siku mkurugenzi alipovua vyake, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Akaambiwa, "Utando haujui cheo, baba. Kanyaga kwa vidole." Tulicheka wiki nzima.

Kuna mwaka tando 43 katika kila 100 zilitoka na mawimbi. Wataalamu wakalaumu rojo. Yeye aliweka glasi ya maji mezani, akakaa nayo siku tatu akiandika saa kila maji yalipotetemeka. Yalitetemeka kila viti vilipoburutwa kwenye ukumbi wa juu, huu huu tulimoketi. Akaenda kwa fundi wa pancha, akarudi na tyubu nne kuukuu, akaziweka chini ya miguu ya meza zimeze mtikisiko. Zilizoharibika zikashuka hadi 6. Ripoti ya mwaka ilichapisha picha ya meza hiyo. Yeye, picha ilimkatia begani, uso haumo.

Mimi niliingia hapa kufagia korido, cheti sina. Ninachokijua nilikipata kwake.

Jumamosi iliyopita, siku isiyo ya kazi, alimimina utando wake wa mwisho, upana sentimita sitini, mkubwa kuliko wote tuliowahi kujaribu. Hauenei kwenye meza yake, kwa hiyo hauna tyubu chini. Unahitaji siku tisa. Utakuwa tayari Jumatatu. Niliomba aongezewe siku tatu. Nikajibiwa kitambulisho chake cha kufungulia mlango kinazimwa leo saa kumi. Niliomba sherehe ihamie kantini. Nikajibiwa viti vimeshapangwa.

Utando uko chini ya miguu yetu sasa hivi, bado mbichi katikati.

Basi nawaomba wageni wote 120: leo msipige makofi. Hotuba zikiisha, inueni mikono tu, mbaki hivyo kidogo. Mkiondoka, viti vinyanyueni. Yeye ataelewa.

Mama, asante. Tunakuombea afya, na asubuhi zisizo na saa za kuandika. Jumatatu nitafunua sahani. Iwe kijani au iwe mawimbi, nitakuja kwako kukuambia ukweli, na viatu nitaviacha mlangoni.