Kikaango cha Mama Selpha na Mteremko wa Tambach

Benchi letu la Kimumu liko kando ya barabara ya Iten, mbele ya kibanda cha chai cha Mama Selpha. Jumamosi moja ya mwaka themanini na saba, pikapu ya Kabiru ilisimama hapo, nyuma imejaa kina mama kumi wa kwaya. Kabla ya saa sita walitakiwa harusini Tambach, chini ya mteremko. Kabiru alishuka, uso umemkauka. Kwenye benchi walikuwa Gichuru mwenye duka, tunayemwita Mizani, na Murunga fundi wa redio, tunayemwita Mawimbi.

KABIRU: Nikikanyaga breki, steringi inatingisika mpaka meno yanagongana.

MIZANI: Ni mashimo ya barabara, yameingia kwa gari. Mazoea yana taabu.

KABIRU: Hata kwa lami safi?

MAWIMBI: Milingoti ya simu hiyo! Inavuta chuma. Dalili ya mvua ni mawingu.

MIZANI: Kabiru, si mwezi jana ulikataa kubeba watu wa mkutano wa chama? Labda kuna mtu alipitisha spana usiku.

Sote tukatazama nyuma, kuona kama kuna anayetusikiliza. Mawimbi akakohoa bila kikohozi.

MAWIMBI: Wachia hapo, Mzee. Kuta ziko na masikio.

KABIRU: Kibanda chenyewe hakina ukuta! Na vile ninaitunza hii gari! Nikifika chini, magurudumu yakiwa moto, ninayamwagia debe nzima ya maji ya mto. Yanalia chwiii, yanapoa.

MIZANI: Vizuri sana. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Mama Selpha aliacha kumimina chai. Akachukua kikaango chake cha chapati, akakiweka mezani. Kikayumba, tak, tak.

MAMA SELPHA: Hiki nilikitoa motoni nikakimwagia maji baridi. Kikapinda. Hata chuma cha breki yako kimepinda, Kabiru. Kikizunguka, breki inashika, inaachilia, inashika.

MAWIMBI: Lakini Mama, kikaango hakina steringi!

Tulicheka. Kabiru hakucheka. Alikigusa kwa kidole. Tak, tak.

KABIRU: Ni hivyo hivyo. Ndivyo mguu wangu unasikia.

MIZANI: Lakini breki si zinashika? Teremka polepole. Mungu yuko, na kwaya iko.

MAWIMBI: Kabisa! Jana ulifika, leo utafika.

Nasike, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameshuka bila sisi kumwona. Alisimama karibu na benchi, kitambaa cheupe kichwani.

NASIKE: Wazee, kwa hivyo gari iko sawa?

MIZANI: Iko sawa, Mama. Msiogope.

NASIKE: Asante. Kule nyuma bado kuna nafasi ya mtu mmoja. Nani kati yenu anakuja na sisi?

Mizani aliangalia ndani ya kikombe chake. Mawimbi alifunga kamba ya kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa. Mimi pia nilikuwa pale, na mimi pia niligeuza macho barabarani.

Kabiru alitoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akauweka ndani ya kikaango. Kikayumba mara moja, kikatulia. Kule nyuma kina mama walianza kushuka, wakitanguliza ngoma.