Mama Avelina Kapinga na Friji Zilizosemekana Salama

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Avelina Kapinga anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi yetu ya afya hapa Mbinga inamuaga kwa furaha na, tusifichane, kwa wasiwasi.

Alianza kama mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizifunika vitambaa zisiingie vumbi, yeye akaziwasha. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, alijifunza akiwa tayari bibi, mjukuu amelala mgongoni.

Kazi yake kubwa ni programu inayochunguza friji za chanjo za zahanati zetu, kutoka milimani hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Majina ya zahanati yamo kwenye array, yaani orodha ndani ya programu. Programu huiuliza kila friji joto lake kupitia mtandao, kisha hutoa taarifa kwenye skrini.

Masika ya mwaka juzi umeme ulikatika mwambaoni. Skrini ikasema friji zote ziko salama. Punde muuguzi Hamphrey akapiga simu kutoka zahanati ya huko: friji yake ilikuwa na joto tangu alfajiri, na akina mama walishaanza kufika na watoto. Mama Kapinga alituma pikipiki iteremke na makasha ya barafu, akatugawia zahanati nyingine tuzipigie simu, naye akaufungua msimbo wa programu. Hatukujua ni friji ngapi zilikuwa zikiharibu chanjo huku skrini ikitutuliza.

Kosa aliliona. Alikuwa ameipa forEach, amri inayopitia orodha jina kwa jina, kazi ya async, yaani ile ambayo jibu lake huja baadaye. forEach huanzisha kila swali na kusonga mbele. Await iliyomo ndani, neno la kuamuru kusubiri jibu, haiisimamishi. Programu ilihesabu friji zenye joto kabla jibu hata moja halijarudi, ikapata sifuri, ikatangaza usalama.

“Kosa ni langu,” alimwambia mganga mkuu mbele yetu. “Nimetangaza majibu ambayo sikuyasubiri.”

Friji nyingine zilikutwa salama, lakini chanjo za mwambaoni zilitupwa. Akina mama walirudi nyumbani mikono mitupu, wengine kwa miguu. Wiki iliyofuata Mama Kapinga aliteremka mwenyewe na chanjo mpya, akawaomba radhi. Mmoja wao, Katarina, hakuja. Alikuwa amekata tamaa. Mama Kapinga na Hamphrey wakamfuata hadi kwake, na mtoto akachanjwa barazani.

Marekebisho hayakuwa mepesi. Kwanza alitumia for...of yenye await, zahanati moja baada ya nyingine. Mtandao ulipozorota penye moja, zote zilizofuata zikakwama nyuma yake. Ndipo akatumia map na Promise.allSettled: zote zinaulizwa kwa pamoja, na taarifa haitoki mpaka hatima ya kila moja ijulikane. Friji isiyojibu huandikwa kwa rangi nyekundu.

Mimi ndiye ninayeipokea programu hii. Nimemweleza mara nyingi kwamba naogopa. Hakunibembeleza. “Ogopa, Sekela,” alisema, “lakini pima kwanza kabla hujasema ni salama.”

Sasa anarudi Litembo kwenye shamba lake la kahawa. Mama, asante kwa kazi, na kwa kutuonyesha namna mkubwa anavyokiri kosa. Tunakuombea afya, mavuno mazuri, na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Tutajitahidi tusipige.

Sekela Mwakalinga
Kitengo cha TEHAMA