Nesi Ayampoka na Jina Nililompa

Wasikilizaji wapendwa, leo sikuanza na muziki. Tumefiwa. Nesi Ayampoka Adongo wa zahanati yetu alifariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na minane. Nesi Ayampoka. Wengi mnamjua kwa jina la Mama Kelele. Jina hilo nilimpa mimi, hapa hapa redioni.

Miaka mitatu iliyopita nilijifungua, nikatokwa na damu nyingi. Daktari alikuwa mjini Bolga, mwendo wa saa mbili. Nesi alipanda nami nyuma ya pikapu, akapiga magoti, akanikandamiza tumbo kwa ngumi yake. Njia nzima alinifokea. "Wewe binti, fumbua macho! Ukilala nakuzaba kofi! Mumeo anaitwa nani? Sema!"

Huko Bolga daktari akanipasua, akanishona, nikapona. Tukampelekea kanga wawili wanono, na mtoto tukampa jina lake. Nesi hatukumpelekea hata yai.

Kisha nikakaa mbele ya kipaza sauti hiki. Daktari nilimshukuru mara tatu. Nesi nilimwigiza anavyofoka. Mlicheka, mkapiga simu nirudie. Nikanogewa, nikarudia.

Sokoni wakaanza: "Mama Kelele, leo umemzaba nani?" Naye alikuwa akiwajibu, "Njoo zahanati, utajua!" Dada yake, Mama Asakiya, aliniambia jana: "Alicheka nao, mwanangu. Ila redio aliizima siku ile, hakuiwasha tena."

Nikampigia daktari simu kumpa habari za msiba.  Akasema, "Dada, mimi nilikushona dakika arobaini. Bila ngumi ya yule mama ningepokea maiti. Na alikuwa anakufokea ili usizimie. Hukujua?"

Wasikilizaji wapendwa, nilijua. Nilijua tangu nikiwa ndani ya pikapu. Miaka mitatu nilipita mbele ya zahanati nimeinamisha kichwa, nikisema nitaingia kesho.

Mama Asakiya, na ukoo wote wa Adongo, poleni sana. Nimemkosea ndugu yenu, nimekosea mbele ya watu wote, ndiyo maana naomba radhi mbele yao. Maziko ni Ijumaa asubuhi. Anayekuja, amwite Nesi Ayampoka.

Na wewe unayenisikiliza, kama yuko nesi aliyekushika ukapona, ukamshukuru daktari peke yake, nenda kwake. Nenda leo, angali anaweza kukujibu.